Malalamiko Dhidi ya Msusi Anayekataa Kunisuka

Mwalimu Dorkasi Shemndolwa,
Lushoto.
9 Septemba.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wasusi wa Sokoni,
Lushoto.

Mheshimiwa Bi. Mwajuma,

YAH: MSUSI YUSRA KUKATAA KAZI NA KUNIVURUGIA MAISHA KWA USHAURI

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta ukiwa mzima, pamoja na wasusi wote walio chini yako, akiwemo huyu ninayemlalamikia, maana sina ugomvi na afya yake.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu na naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani. Mwezi ujao binti yangu Lulu anaolewa Bumbuli. Wewe ni mwanamke mwenzangu, unajua kwamba mama wa bibi harusi hutazamwa kichwa kabla hajatazamwa uso. Kwa sababu hiyo naomba uyapokee malalamiko yafuatayo kwa uzito wake.

1. Kukataa kazi. Jumamosi moja ya mwezi wa pili niliingia saluni kwa Yusra na paketi zangu nne za rasta, nikaomba anisuke ndogondogo za kubana, zile zinazopandisha nyusi hadi mtu anaonekana ameshangaa wiki mbili nzima. Ndivyo nilivyosukwa miaka yote. Yusra aliniamkia vizuri, akanikalisha, akanifungua kilemba, kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa nywele zangu kutoka sikio hadi sikio. Akainama na kuniambia, "Mwalimu, hapa mbele hakuna nywele za kushika. Nikikubana tena, hata hizi zilizobaki zitaondoka."

Nataka ieleweke kwamba alisema kwa sauti ya chini. Hilo ndilo kosa. Angesema kwa sauti ya kawaida asingesikika kwa kelele za draya. Kwa kuwa alinong'ona, wanawake watano walinyamaza na draya moja ikazimwa.

2. Kunihoji. Aliniuliza naoshea nini. Nikajibu kwa ukweli: sabuni ya mche, ile ya kufulia, kila ninapofumua, yaani baada ya miezi miwili au mitatu. Akaniomba nimletee chupa zote nilizonazo nyumbani. Nikazifuata, zilikuwa tatu: ya mba, ambayo shemeji yangu Rahabu aliniletea kutoka Tanga ingawa sina mba, ya nywele zilizotiwa dawa, ingawa dawa niliiacha siku nyingi, na moja yenye picha ya farasi, niliyoichagua kwa sababu ya mkia wa farasi huyo. Yusra akazigeuza zote tatu na kuanza kusoma maandishi ya nyuma. Mheshimiwa, nimefundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kusoma nyuma ya chupa.

Hakupitisha hata moja. Alisema nywele zinazokatika zinataka shampuu laini isiyozikausha, na kwamba povu jingi halimaanishi usafi. Nioshe kila wiki. Nisugue ngozi kwa ncha za vidole, siyo kwa kucha. Nipake kondishena, nichanue kwa chanuo la meno mapana nikianzia kwenye ncha. Mpaka hapo nilikuwa sijasukwa hata msuko mmoja.

3. Fulana. Taulo nalo amelipiga marufuku, akisema linakwaruza nywele. Maji niyakamue kwa fulana laini iliyochakaa. Fulana pekee iliyochakaa kiasi hicho nyumbani kwetu ni ya mume wangu Hezekia, na alikuwa bado anaivaa.

4. Kunipeleka hospitali. Katika mazungumzo nilitaja, kwa kupitisha muda tu, kwamba siku hizi nachoka sana. Yusra akaweka kitana chini. Akasema nywele nyingine hukatika kwa kubanwa na nyingine kwa sababu ya damu, niende nikapimwe. Nilikwenda saluni na rasta, nikaondoka na safari ya maabara. Daktari akakuta damu yangu iko chini, akanipa vidonge. Matokeo yake ni haya: zamani nikipanda mlima kwenda shuleni nilikuwa nasimama mara tatu kupumua, na kwa kuwa nimesimama, nilikuwa nasalimia watu. Sasa napanda moja kwa moja. Mtaani tayari wanasema Mwalimu Dorkasi ameanza maringo.

5. Kuingilia ndoa. Hili naliandika kwa uchungu. Kwa miaka miwili mume wangu hakukiona kichwa changu. Nilikuwa nalala na kilemba na kuamka nacho. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe, niliifanya bila kusaidiwa na mtu, na niliifanya vizuri. Yusra akasema kilemba cha kubana kutwa kucha kinazimaliza nywele za pembeni. Nikiwa nyumbani nikae kichwa wazi, na wakati wa kulala nijifunge kitambaa cha satini kwa kulegeza.

Nikatii. Mchana mmoja nilikuwa jikoni nachambua maharage, Hezekia akaingia na ndoo ya maziwa. Nilitafuta haraka kitu cha kujifunika, nikakamata ungo, na maharage yote yakamwagika. Hezekia aliweka ndoo chini, akachuchumaa, akaanza kuyaokota. Bila kuinua macho akasema, kwa Kishambaa, lugha anayoitumia akiwa na jambo zito, "Kumbe ni nywele. Mimi nilidhani umeweka nadhiri."

Miaka miwili, Mheshimiwa. Alidhani mke wake ana ahadi na Mungu, akaona si adabu kuuliza, akawa ananiombea itimie. Kisha akaniuliza kama panauma. Nikamwambia hapaumi. Nililia nikiwa bado na ungo kichwani, jambo ambalo Yusra hakunionya kwamba linaweza kutokea.

6. Kurudia kosa. Sasa pembeni pameota vinywele vifupi, laini kama vya mtoto mchanga. Nikaona nimetimiza masharti yote, na Jumamosi iliyopita nikarudi na paketi zangu zilezile nne. Akakataa tena! "Hizi bado changa, Mwalimu. Zikivutwa sasa huenda zisirudi tena." Nikamwambia ni harusi ya Lulu. Akasema anajua, na ndiyo maana anakataa.

Kwa hayo yote, naomba Umoja uchukue hatua. Kila msusi alazimishwe kusuka kichwa alicholetewa, kwa namna aliyoambiwa, hadi nywele ziishe au mteja aishe. Wasusi wakatazwe kusoma maandishi ya nyuma ya chupa, na wenye tabia hiyo wapewe chupa zisizo na maandishi. Vioo vyote vya saluni vigeuzwe vitazame ukuta. Aidha, wanawake wote watakaohudhuria harusi ya Bumbuli waagizwe kunyoa ukingo wa nywele upana wa vidole viwili, ili nisiwe peke yangu. Orodha ya waalikwa ninayo na naweza kuileta. Na kama hayo yanaonekana magumu, basi Yusra ahamishiwe Kwamkoro, ambako ukungu ni mzito na paji la uso la mtu halionekani vizuri.

Nisalimie wajumbe wote wa Umoja, na watu wa nyumbani kwako, na yeyote atakayeuliza habari zangu mwambie najitahidi.

Ni mimi, ambaye bado hajasukwa,

Mwl. Dorkasi Shemndolwa

Nyongeza: Barua hii alikuwa aipeleke Hezekia. Amefika sokoni na kurudi nayo. Anasema ameambiwa kwamba Umoja unakutana Ijumaa kumnyang'anya Yusra kiti chake cha kazi, kwa kuwa wanawake kumi na mmoja wamelalamika anawarudisha nyumbani bila kuwasuka, na barua yangu ingetimiza dazeni. Sikujua. Mimi nilikuwa nalalamika tu, sikutaka mtu afanye lolote. Baadhi ya hao kumi na mmoja nawafahamu. Mmoja tunasimama naye bega kwa bega kwenye kwaya, na kilemba chake kimeshuka hadi kwenye nyusi. Muda wa kuandika upya sina, kengele ya shule imelia. Tafadhali barua isomwe kama ilivyo, ila kila palipoandikwa "kosa" pasomwe "asante". Siku ya Ijumaa nimeomba ruhusa kazini. Kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye kiti hicho cha Yusra, kichwa wazi, na mlango wa saluni ukiwa wazi. Wajumbe watakaokuja kukichukua watanikuta juu yake.