Malalamiko Dhidi ya Mama Mkwe na Besi Wasio na Msimamo

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wavuvi wa Ndoano, Bwawa la Juu.

Salamu kwako na kwa kamati nzima. Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umevaa miwani. Nasema hivyo kwa kuwa miwani yako niliitengeneza mwenyewe dukani kwangu, jicho la kulia na la kushoto, na kwa hiyo kamati haitaweza kusema baadaye kwamba malalamiko haya hayakusomeka.

Naandika kuomba, kwa heshima zote, mama mkwe wangu aondolewe katika boti yetu kabla msimu haujafungwa. Najua ombi hili linasikika vibaya. Nimelisoma kwa sauti peke yangu dukani, na hata mimi nimeona linasikika vibaya. Lakini nimejikaza kisabuni msimu mzima na sasa yamenifika kooni.

Hali yangu unaijua. Kanuni ya chama inasema samaki hahesabiki mpaka mwenzako wa botini amwone kwa macho yake, ndipo arudishwe majini na chaki ipigwe ubaoni. Kanuni inasema pia kwamba mwanachama atakayefunga msimu bila samaki hata mmoja atahamishiwa kundi la watazamaji, wale wanaokaa kwenye mabenchi ya ukingoni na kupiga makofi. Ubao wenyewe umetundikwa ukumbini juu ya meza ya chai, kwa hiyo kila anayemimina chai anausoma. Mbele ya jina langu hakuna kitu. Mbele ya jina la mama mkwe chaki zimejaa mpaka katibu ameanza kuandika ukutani. Na samaki wote hao, Ndugu Mwenyekiti, shahidi wao ni mimi.

Naomba sasa nitoe malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuhusu sanduku. Marehemu baba mkwe, ambaye ulikaa naye kamati moja, ndiye aliyekuwa mwenzangu botini tangu nioe. Siku moja tukiwa katikati ya bwawa alilipiga kofi sanduku lake la vyambo akaniambia, "Hili litakuwa lako, kijana wangu, ukishajifunza kutulia." Sina shahidi wa maneno hayo. Aliyekuwepo alikuwa besi mmoja, naye tulimrudisha majini. Mzee alipofariki, sanduku lilibaki chini ya kitanda cha mjane wake, nami kwa adabu sikuliulizia. Baadaye mke wangu akaniomba nimpeleke mama yake bwawani mara moja tu, apunge upepo, maana alikuwa hatoki nyumbani na kila sahani anaisogeza pembeni. Nilikubali kwa moyo mweupe. Mama akaja amevaa kofia ya marehemu, sanduku amelipakata. Hiyo mara moja tu haijaisha mpaka leo.

2. Kuhusu namna ya kuchagua chambo. Mimi ni fundi miwani, sichagui kwa kubahatisha. Nilichota maji ya bwawa, nikayaweka kwenye mitungi ya kioo juu ya kaunta, nikaning'iniza chambo kimoja ndani ya kila mtungi. Kisha kila mteja aliyekuja kupimwa nilimvalisha kwanza lenzi za kijani zenye rangi ya maji yale, nikamwomba atazame kama samaki. Mwalimu mmoja aliyefuata miwani ya kusomea aliondoka bila miwani, lakini alinithibitishia kwamba mnyoo wa plastiki wa zambarau ndio unaoonekana vizuri kukiwa na ukungu. Nikajua basi: asubuhi ya ukungu, mnyoo wa zambarau; jua likipanda, kijiko cha bati kinachometa; upepo ukichafua maji, kisamaki cha mbao chenye tumbo jeupe. Mshipi uwe mwembamba usionekane, na fimbo iwe nyepesi, ncha yake laini, ili mkono uhisi hata samaki akipumua.

Mama mkwe yeye hufungua sanduku, hutazama vyambo vyote kimoja kimoja kama mtu anayekagua watoto kabla ya kwenda ugenini, kisha huchukua kimoja na kusema, "Huyu hajatoka siku nyingi, maskini. Leo zamu yake." Utaalamu wake wote ni huo. Haulizi ukungu, haulizi jua. Chura wa mpira aliyeng'oka jicho anafungwa kwenye mshipi mnene wa kuanikia mablanketi, anarushwa kwa fimbo nzito ya marehemu, anatua majini kwa kishindo. Nami nimekaa hapo, mnyoo wangu umepimwa.

3. Kuhusu besi wenyewe. Kwa faida ya wajumbe waliojiunga na chama kwa ajili ya chai, besi ni samaki mwenye kinywa kipana ambaye, kwa maelezo ya kila kitabu nilichosoma, hutazama kwanza ndipo akashambulia. Hawa wetu hawatazami. Wanamfuata chura yule wakipita juu ya mnyoo wangu. Ningeelewa kama wangekuwa wanapenda chura. Nilinunua chura. Nikamtoa jicho moja kwa bisibisi ya dukani. Hawakumgusa, kwa kuwa siku hiyo zamu ilikuwa ya kijiko. Ni mawili tu: ama besi hawa hawaoni, ama wanaona na wanafanya makusudi. Ikiwa hawaoni, niko tayari kuwapima macho bila malipo, na nimeshachora ubao wa kupimia wenye picha za wadudu badala ya herufi, nikizingatia kwamba besi wengi hawakubahatika kusoma. Ikiwa ni makusudi, hilo ni suala la nidhamu, nami naliacha mikononi mwa kamati.

4. Kuhusu heshima. Mwenzako wa kawaida akikosea, unamwambia kakosea. Mama mkwe akikosea unamwambia, "Ndiyo, mama." Mimi ndiye ninayepiga makasia, yeye amekaa kiti cha nyuma, tunatazamana. Ninapotaka kurusha mshipi siwezi kumpa kisogo mzazi, kwa hiyo narusha kwa ubavu, na mara ya mwisho ndoano ilizunguka ikanasa kola ya shati langu. Aliinasua yeye, taratibu, akiniambia pole mwanangu. Akitaka tusogee kivulini, mahali ambapo mimi najua fika hapana samaki, nasema, "Ndiyo, mama." Tunakwenda. Wapo.

5. Kuhusu kuagana na samaki. Kila besi anayemvua humuuliza hali, humfungua ndoano, na kumrudisha majini kwa maneno haya: "Haya nenda, wasalimie nyumbani." Mwanzoni niliona ni utu uzima. Lakini yuko besi mmoja mwenye mdomo uliochanika upande, ambaye nimemshuhudia mara nyingi mpaka tumezoeana. Anakuja mwenyewe. Namwona anavyokuja, hana haraka. Ndugu Mwenyekiti, huu si uvuvi tena, ni kutembeleana, na naomba mwongozo wa kamati kama mgeni anaweza kuandikwa ubaoni.

6. Kuhusu mezani. Hapa ndipo panaponiuma, na sitaki kuzunguka. Jumamosi jioni familia nzima hula kwetu. Ningeshukuru sana kama mama mkwe angejisifu, maana mtu anayejisifu unaweza kumchukia kwa raha zako. Hajisifu. Hunigeukia mbele ya wanangu na kusema, "Leo mwanangu alikaribia." Sikukaribia! Hakuna hata kilichonikaribia! Wanangu hunitazama kwa huruma na kunisogezea nyama. Binti yangu mdogo amenichora nikiwa kwenye benchi la watazamaji, napiga makofi, na amenichora nikitabasamu. Picha imebandikwa kwenye friji. Siku hizi naona haya kuingia ukumbini, na chai nakunywa dukani.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Mama mkwe ahamishiwe boti nyingine, au apewe cheo cha Mlezi wa Chama, chenye kiti cha mto na mwavuli, kiwekwe ukingoni, mbali na maji.

(b) Sanduku la marehemu likabidhiwe kwangu, kwa kuwa nimeshajifunza kutulia, kama barua hii inavyoonyesha.

(c) Vyambo vyote bwawani vichaguliwe kwa vipimo, na utaratibu wa zamu upigwe marufuku.

(d) Tangazo la uamuzi huu libandikwe kwenye gati upande unaotazama maji, ili besi nao wasije kusema hawakuarifiwa.

Ikiwa (d) itakuwa ngumu kutekelezwa, naomba bwawa lifungwe mpaka kitakapopatikana kizazi cha samaki walio makini zaidi.

Kwa kuwa si adabu kumsema mama mkwe nyuma ya mgongo wake, nakala ya barua hii nimempelekea mwenyewe, ndani ya bahasha safi, pamoja na kitambaa kipya cha kufutia miwani.

Nisalimie katibu, na umwambie apunguze kukandamiza chaki. Nisalimie mtunza boti na mbwa wake. Mkeo mpe salamu nyingi, fremu yake ya kahawia imefika. Wasalimie na watazamaji wote wa mabenchini. Ni watu wema, ila nisingependa kuwafahamu zaidi ya hapa.

Ni mimi, mtiifu wa kanuni na mshipi,
Fundi Miwani,
mwanachama mvuvi, mpaka sasa.

Nyongeza: Nilipoileta barua hii, ofisi yako ilikuwa imefungwa, ikabidi nirudi nayo. Huku nyuma mama mkwe alikuwa ameshasoma nakala yake. Jibu alilituma kwa mke wangu: sanduku la vyambo, na juu yake kofia ya marehemu. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Mwambie mwanangu boti ni yake. Mimi nina bustani yangu." Mke wangu alivitua mezani akaondoka.

Jumamosi nikaenda peke yangu. Palikuwa na ukungu. Nilifunga mnyoo wa zambarau kwenye mshipi mwembamba, sawasawa na mitungi ilivyosema, nikarusha bila kujipinda, maana hapakuwa na wa kumpa kisogo. Fimbo ikainama mpaka nikadhani nimenasa gogo. Alikuwa besi, Ndugu Mwenyekiti, mkubwa kuliko wote niliowahi kushuhudia, mdomo mzima, si yule mgeni wetu. Naomba kamati izingatie kwamba vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Nilimwinua kwa mikono miwili, nikageuka, nikasema kwa sauti, "Mama, ona!"

Kwenye kiti cha nyuma ilikuwepo kofia tu, kwa kuwa sikujua pengine pa kuiweka. Nilitazama kama kuna boti nyingine karibu, ukungu ukanizuia kuona hata gati. Nilikaa naye muda ambao samaki anaweza kuvumilia, kisha nikamrudisha majini. Nilimwambia awasalimie nyumbani.

Kwa hiyo ubao wangu uacheni mtupu, maana shahidi sina, na kanuni ni kanuni. Ikibidi benchi, nitakaa benchi. Malalamiko yote hapo juu, pamoja na maombi (a) hadi (d), nayaondoa, zibaki salamu peke yake. Naomba tu jina la mama lisifutwe kwenye boti yetu.

Jioni nilimrudishia sanduku na kofia mwenyewe. Nilimkuta anamwagilia nyanya. Alitua ndoo, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza alivuliwa kwa chambo gani, nikamwonyesha. Hakusema nilikaribia. Alisema anaamini. Kisha akaufuta ule mnyoo kwa pindo la khanga yake, akautafutia nafasi sandukuni akaulaza, akasema huyu sasa ametoka, apumzike, Jumamosi ijayo ni zamu ya mwingine. Nikasema, "Ndiyo, mama."