Amu Iliyoganda ya Bi Mwajabu

Anwar aliliona gari lile kabla hata halijaiacha lami ya Barabara ya Kilwa, akajua leo riziki imekuja yenyewe. Lilikuwa Korola jeupe, tairi la mbele kushoto limelalia ndani, linachechemea. Kwenye usukani, mama mtu mzima mwenye khanga begani. Mama wa namna hiyo, Anwar alivyoamini, hajui tofauti ya spana na mwiko.

"Shikamoo mama! Pole na safari. Lisogeze hapa kivulini, hospitali umefika."

Hospitali yenyewe ilikuwa kiwanja cha mchanga pale Mtoni, chenye jeki moja, oili chafu na mdomo wa Anwar. Mwaka ule wa tisini na tatu kila mwenye kujiweza alikuwa anaagiza gari kutoka nje, na kila mwenye gari alihitaji fundi. Ufundi Anwar hakuwa nao. Alikuwa na mtindo mmoja tu: anafungua spea nzima ya mteja, anafunga mbovu, kisha anashukuriwa. Zile nzima alizipeleka nyuma ya kiwanja, chini ya turubai, alikoijenga Korola yake mwenyewe kwa miaka miwili. Shokapu zilitoka kwa mwalimu wa Temeke, rejeta kwa padri mmoja, na milango miwili kwa bwana aliyeaga kidogo akale chakula cha mchana. Sasa ilikuwa imekamilika. Jumatatu ingeingia barabarani kama teksi, na Anwar aachane na grisi mpaka kufa. Ndoto yake yote ilikuwa chini ya turubai lile, na kwa ajili yake angemwibia hata mama yake mzazi, kama tu mama mzazi angekuwa na gari.

Mama alishuka, akatandika mkeka ubavuni mwa gari, akatoa ukili akaanza kusuka. Wenye magari wa Dar es Salaam wameshafundishwa adabu: ukimpa fundi gari, unakaa hapo hapo unamlinda mikono.

"Naitwa Bi Mwajabu," alisema. "Amu ya chini, hicho chuma kinachoshika tairi, imeganda. Nataka itolewe, itiwe bushi mpya, mipira yake hii hapa, irudishwe. Mafundi sita wameshindwa kuitoa."

"Hao si mafundi, mama. Hao wapiga debe."

Anwar akalala chini ya gari, akagonga mara mbili. Kutu ilikuwa imeivaa amu nzima, bolti na bushi vimekuwa kitu kimoja. Akatoka na wimbo wake wa siku zote.

"Unajua kwa nini imeganda? Hii orijino. Feki inatokaga yenyewe hata ukiipigia mluzi. Orijino inaling'ang'ania gari lake."

Maneno hayo aliyatunga mwenyewe siku moja alipokosa wateja. Hayakuwa na ukweli hata wa dawa.

Bi Mwajabu akaacha kusuka. "Eh! Kumbe wewe ndiye fundi. Marehemu mume wangu alisemaga hivyo hivyo. Aliitoa Japani mwenyewe, kaibeba kwenye begi. Akaniambia, Mwajabu, chuma hiki nchi nzima hakipo. Sasa kuna tajiri mmoja wa Kinondoni kanisumbua mpaka basi. Gari halitaki, anaitaka amu tu."

Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni mume gani anayepanda ndege na amu ya gari begini. Lakini Anwar alishasikia neno tajiri, na baada ya hapo masikio yake yakafunga kazi. Uongo aliowauzia watu miaka yote ulimrudia mwenyewe, naye akaununua bila kuomba apunguziwe.

"Mama," alisema, mkono kifuani, "kazi hii kwako bure."

"Bure?"

"Mie sichukui hela ya mzazi. Tena mjane!"

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa."

"We binti wa chapati!" Bi Mwajabu akamgeukia Felicitas, aliyekuwa akikaanga chapati zake pale jirani. "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia mama. Na mimi ndiyo nashangaa."

Kazi ikaanza. Anwar alimwaga mafuta ya taa kwenye bolti, akapiga nyundo. Bolti ikatulia. Akaweka mafuta ya breki, akapiga tena, nyundo ikateleza ikamchuna kidole. Akamwita Lusungu, mchomeleaji wa mtaa wa pili, aje na mtungi wake wa gesi, na akamlipa kutoka mfukoni mwake, jambo ambalo Felicitas alilisimulia mtaani kwa wiki nzima. Wakachoma. Wakamwagia maji. Wakachoma tena. Mwisho Anwar akashika msumeno wa chuma akaikata bolti kwa mkono, amelala chali, kutu inamwingia machoni.

Kila alipopumzika alijaribu kumwondoa mlinzi wake. "Mama, si ukanywe soda pale?" Mama ana sukari. "Basi kaninunulie grisi dukani." Mama miguu inamuuma.

"Kaza mwanangu," alimtia moyo. "Marehemu angekupenda sana."

Amu ilidondoka mchangani adhana ya adhuhuri ikilia. Bi Mwajabu akakunja ukili wake. "Ngoja nikaswali kwa dada yangu hapo nyuma. Nikirudi nikute imefungwa."

"Swali taratibu, mama! Usiache hata sunna!"

Anwar akabaki na tatizo moja dogo. Gari la mama lisingeondoka bila amu, na kiwanjani hakukuwa na amu mbovu hata moja. Amu ya Korola iliyokuwepo ilikuwa moja tu ya upande huo, nayo ilikuwa chini ya turubai. Anwar alisita dakika nzima, na kwa kumbukumbu zetu hajawahi kufikiri muda mrefu kiasi hicho. Kisha akajiambia kwamba amu ya tajiri itamnunulia nyingine kumi. Akainua gari lake kwa jeki, akalikalisha juu ya mawe, akafungua amu yake nzuri na kuifunga kwenye gari la mama, kwa bushi mpya na bolti zake mwenyewe. Alifunga vizuri sana, maana alitaka mama aondoke na asirudi.

Bi Mwajabu aliporudi alilishika tairi kwa mikono miwili, akalitikisa juu na chini, akainama kuchungulia.

"Imeng'aa!"

"Nimeipiga msasa, mama."

"Hiyo nati ya ndani ikaze kidogo."

Akakaza. Mama akamuombea dua ndefu, akapanda gari, likaondoka limenyooka barabara.

Anwar akaifunga ile amu ya mama kwenye gazeti, akakimbia nayo kuiuza dukani kwa Adelard, muuza spea wa Temeke anayewajua matajiri wote. Adelard alifunua gazeti, akaangalia, akavua miwani.

"Umeitoa wewe?"

"Orijino hiyo. Ya Japani."

"Orijino gani? Imevunjika ikaungwa kwa welding mara mbili, sugua hapa uone. Hii si amu ya Bi Mwajabu? Mwezi mzima anazunguka nayo, mafundi wanamkimbia!"

"Unamjua?"

"Nani wa spea asiyemjua? Miaka kumi na sita alikuwa mtunza stoo ya spea ya shirika moja la umma, mpaka lilipofungwa. Yule anaijua spea kwa kuigusa tu." Akamrudishia chuma chake. "Hongera lakini. Kumbe fundi kweli!"

Jumatatu ilipofika, Korola ya Anwar ilikuwa bado juu ya mawe. Kiwanjani akakuta magari matatu yamepanga foleni, moja limetoka Kibamba, moja Pugu, na la tatu limevutwa kwa kamba.

"Wewe ndiye fundi unayetoa vilivyoganda?" akauliza Mzee Mfaume, mwenye gari la Kibamba. "Bi Mwajabu kasema unatoa bure, unatafuta thawabu."

"Bure? Nani kasema bure?"

"Alisema bure kabisa," Felicitas akadakia bila kuacha chapati zake. "Mie shahidi."

"Na kasema," mzee akaendelea, kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "ukisita, tukuulize ile amu yake uliyoitoa iko wapi, na ulimpelekea nani kuuza."

Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Wa tatu naye akasimama. Anwar akawatazama, akaokota nyundo, akalala chini ya gari la kwanza na kupiga kwa nguvu zake zote. Bolti haikutikisika.