Kipa Mfini wa Sainte-Ozanne

Siku kipa wa Castors, timu ya Sainte-Ozanne, alipoteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika mguu, mji mzima ulisikitika isipokuwa mtu mmoja. Onésime Thibodeau alikuwa mgahawani, anakula chipsi za jibini na mchuzi, habari ilipoingia. Akaweka uma chini taratibu, kama padri aliyeitwa kwa mgonjwa.

Mwenye timu alikuwa Ghislaine Pelchat, mjane mwenye bucha. Jumamosi ilikuwa nusu fainali ya ligi ya mkoa, mpira wa magongo wa barafuni, dhidi ya timu ya shemeji yake, Fernand. Ghislaine angeuza figo ili Fernand anyamaze.

"Bibi Pelchat," Onésime akamwambia, "ninaye kipa kutoka Finland. Pekka. Kajificha huku kwa mambo ya mapenzi. Kifaransa hajui hata salamu."

"Anataka nini?"

"Hela anazidharau. Ila lile pikapu la marehemu..."

Ghislaine akalitazama pikapu, akamkumbuka Fernand, akakubali. Ufunguo angempa kipa mwenyewe siku ya mchezo.

Mfini huyo alikuwa Lucien, binamu yake Onésime, mwoka mikate wa mji wa pili, mnene kama tanuri lake. Onésime aliuza gari lake bovu ili amnunulie kinyago, glavu na magodoro ya miguuni. Mpango ulikuwa mwepesi: Lucien apokee ufunguo, aanguke wakati wa kupasha misuli, ashike paja na kulia. Onésime amkimbize hospitali kwa pikapu, na wasionekane tena.

Jumamosi Lucien akaingia barafuni, ufunguo umo ndani ya glavu. Uwanja mzima ukalipuka: "Pek-ka! Pek-ka!" Maskini, tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumshangilia. Akainua gongo. Wakazidi kupiga kelele.

"Anguka!" Onésime alimnong'oneza kupitia kioo cha ukingo wa uwanja. "Anguka, mshenzi wewe!"

"Unamwambia nini?" Ghislaine akauliza.

"Namwombea, Bibi. Kwao huombeana hivyo."

Lucien hakuanguka. Mchezo ukaanza, kisahani, ndio mpira wa mchezo huo, kikampiga tumboni, begani, na mara moja usoni akiwa anawapungia watu mkono. Hakikupita kwa sababu hakikuwa na pa kupitia. Castors walikuwa wanaongoza kwa bao moja pale shuti lilipomkuta mahali ambapo magodoro huishia.

"Tabernakulo!" Lucien akaunguruma kwa Kifaransa safi cha bondeni kwao, ambako watu hutukana kwa vyombo vya kanisani. "Kalisi! Na hostia yake!"

Onésime akaanza kuutafuta mlango, lakini Ghislaine alishamdaka ukosi.

"Siku hizi Wafini wanatukana kama mjomba wangu?"

"Wanajifunza haraka, Bibi."

Bao halikurudi. Castors wakashinda, na Onésime akamkuta binamu yake koridoni, amebebwa juu juu.

"Lete ufunguo, twende!"

"Siendi popote," alisema Lucien, machozi yanamtoka. "Nimepewa jezi ya msimu ujao."

"Na mimi je? Pikapu langu?"

"Tulipatana kuhusu Mfini," alisema Ghislaine. "Mlete Mfini, uchukue pikapu."

"Basi nirudishieni vifaa! Nimeuza gari langu kwa ajili ya vifaa hivyo!"

"Vimemkaa vizuri sana," akasema mama yule, na kumfungulia mlango.

Nje theluji ilikuwa inamwagika. Basi la kumtoa mjini lilikuwa moja tu, la walioshindwa. Wakamhurumia, wakampa kiti kando ya Fernand.

"Yule kipa," Fernand akauliza, "aliyemleta ni wewe?"

Onésime akaweka ukosi wake sawa.

"Ana kaka yake," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko Helsinki. Mnene zaidi."

Fernand alimtazama kwa makini, kisha akamwomba dereva asimamishe basi. Onésime aliposhushwa, theluji ilimfika magotini.