Balozi wa Nyumba Kumi Aitambua Tavoluka

Jumatatu, 8 Julai

Kagoma. Siku ya kihistoria! Leo asubuhi, nikiwa nimekaa kando ya mkeka wa kahawa, nimeitambua nchi huru.

Inaitwa Tavoluka. Visiwa fulani, mbali sana. Vilijitangazia uhuru mwaka jana, na mpaka leo hakuna serikali hata moja iliyokubali kwamba vipo. Nilisoma kwenye simu nikaumia. Uchungu wa kutotambuliwa naujua. Jumapili ni uchaguzi wa balozi wa nyumba kumi, na nyumba zangu zinanong'ona kwamba afadhali zingekuwa chini ya Gozbert, balozi wa ng'ambo ya kijito. Gozbert! Mtu aliyeishia darasa la saba!

Nikawaandikia Tavoluka kwa Kiingereza changu cha seminari: mimi, Balozi Aristides, kwa niaba ya wote ninaowawakilisha, naitambua nchi yenu. Hakuna uongo hapo. Balozi ni balozi. Mke wangu Annastella akauliza kama hao Tavoluka watakuja kugeuza kahawa. Hana upeo, mwanamke huyu.

Jioni akaja Ma Kemilembe, mjane wa nyumba ya bondeni. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari wamepiga kambi Muleba wiki hii, wazee wanapasuliwa bure, ila mtendaji wa kijiji anataka balozi wake aende ofisini amtambue, aseme ni mkazi wake na ni mzee kweli. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutakwenda. Tatizo ni nafasi tu. Mambo ya nje yamenibana.

Jumatano, 10 Julai

Wamejibu! Waziri wao wa Mambo ya Nje, Dakta Onatave, anazunguka Afrika na mkoba wake akibisha hodi. Ijumaa anaingia kupitia mpaka wa Mutukula. Anasema mimi ni wa kwanza duniani. Nilisoma nikiwa nimesimama wima.

Mbio mpaka Bukoba kutafuta bendera. Kijani, nyeupe, samaki katikati. Mzee Suryakant, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na kijani kidogo, na kitambaa cheupe kilichobaki msimu wa komunyo ya kwanza. Mkewe, Mama Kusum, akauliza amchore samaki gani. Nikasema wa kidiplomasia. Akachora sato.

Kurudi tu, nakuta Gozbert ametangaza kilabuni kwamba nyumba zake kumi haziitambui Tavoluka. Hajui hata iko wapi! Mimi pia sijui, lakini angalau nimeitambua.

Ma Kemilembe alikuwa ananisubiri barazani. Aliipa bendera shikamoo akidhani ni padre. Nikamwambia keshokutwa, bila shaka yoyote.

Ijumaa, 12 Julai

Waziri amefika! Kwa bodaboda, tai shingoni, vumbi mpaka kwenye kope. Mtu mpole, amechoka. Nikampa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama apewavyo mgeni wa heshima. Akaimeza yote kwa maji kama dawa ya malaria, akashukuru sana.

Kisha akatoa kalamu. Akauliza ninawakilisha nini hasa. Nikajibu kwa Kiingereza bila kusita: Ten Houses. Kalamu ikasimama. Akasema hata Marekani kwenyewe wana mbili tu. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Kiingereza bunge nalo huitwa nyumba. Lo! Ningeweza kumsahihisha. Nikamwongezea ebitoke, ndizi zetu za kupika.

Halafu akalia. Machozi ya kweli, yakidondokea sahani. Akaeleza kwamba watu wao hawawezi kuvuka mpaka hata kwenda kumuuguza ndugu, maana pasi zao hazikubaliki popote; yeye husafiri kwa pasi ya zamani, ya kabla ya uhuru, ambayo haijaisha muda. Sasa atakuwa na la kuwaambia. Roho ilinisuta. Ikatulia baada ya chakula.

Nikamwomba Jumapili asimame anisemee kwa wapiga kura. Akakataa kwa adabu. Ati nchi yake haiingilii uchaguzi wa nchi rafiki. Na hana rafiki mwingine!

Ma Kemilembe hakutokea leo. Nilishukuru. Angeharibu itifaki.

Jumamosi, 13 Julai

Usaliti! Gozbert amemwalika Waziri, amemchinjia mbuzi, amemnywesha rubisi, na kibuyu cha pili kilipofika nusu akasimama na kutangaza kwamba nyumba zake nazo zinaitambua Tavoluka. Waziri akapiga simu kwao akipayuka: mabunge ishirini! Tulisikia watu wakiimba upande wa pili. Mimi nikawekewa utumbo.

Si hilo tu. Jana, wakati nikimpokea Waziri, Gozbert alimpakia Ma Kemilembe kwenye bodaboda, akampeleka kwa mtendaji, akasema anamtambua. Si mkazi wake! Huko ni kuingilia mambo ya ndani waziwazi. Mtendaji amekubali, na mama wa watu ameshapelekwa Muleba. Nimepeleka malalamiko rasmi kwa Waziri. Alikuwa amelala.

Jumapili, 14 Julai

Uchaguzi ulifanyika baada ya misa, kama ule ni uchaguzi. Mutembei, ambaye migomba yake na yangu inapakana, alisimama akasema hawachagui balozi. Wanahamia kwa Gozbert, nyumba zote. Akasema Aristides ameitambua nchi ambayo hajaiona, lakini Ma Kemilembe, anayemwona kila siku asubuhi, hajamtambua. Mikono ikanyooshwa. Nikaona na wa Annastella, na bangili nilizomnunulia mwenyewe.

Nikasema siyatambui matokeo. Mama yangu wee! Walicheka mpaka katekista akatoka kuangalia kuna nini.

Waziri alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba taifa dogo kama lake hulazimika kufanya kazi na serikali iliyo madarakani. Akaondoka na bendera.

Alhamisi, 18 Julai

Ma Kemilembe amerudi. Anaona! Leo amepita nyumba kwa nyumba akiwashika watu mashavu, akicheka, akiwaambia jinsi walivyozeeka. Nilipomsikia anakuja nikafunga tai haraka. Aliponifikia akanitazama kwa muda mrefu, juu mpaka chini. Kisha akamgeukia Annastella na kuuliza: na huyu ni nani, waitu?

Annastella akajibu kwamba hata yeye anajiuliza. Wakaingia jikoni wanacheka, wakaniacha nimesimama na tai yangu.

Imeniuma. Sitaficha. Nilikaa peke yangu mpaka kuku wakaanza kunizoea.

Lakini nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Nilianza na nchi ndogo mno. Kuna nyingine imejitenga wiki hii, kubwa, ina hata bandari, na haijatambuliwa na mtu. Nimeshaiandikia. Nimetia saini: Balozi Aristides, Nyumba Moja. Kwa Kiingereza inasikika vizuri zaidi.