Kitufe cha Bibi na Bawabu wa Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wetu wa lugha anasema shajara isiyo na shukrani ni orodha ya manung'uniko. Kwa hiyo naanza na shukrani. Bibi alianguka Alhamisi na hakuvunjika kitu. Aliteleza koridoni, akalala sakafuni nusu saa akiita, na sisi tuko uani. Mama anashona huko, na cherehani yake humeza sauti zote. Bibi amepata alama ya bluu kwenye kiwiko, anaionyesha kwa kila anayeingia kama cheti.

Mama Mkubwa, dada yake Mama na mzaliwa wa kwanza wa Bibi, amepiga simu. Anakuja Jumamosi saa nne kumchukua Bibi akaishi kwake. Bibi hataki. Anasema kule hata viti vimevikwa plastiki, mtu hukaa kama anayesubiri daktari. Mama ameomba nafasi moja. Amenunua kitufe cha kuvaa shingoni: ukikibonyeza, simu za nyumbani zinalia na taa ya koridoni inawaka. Mama Mkubwa amekubali. Kikilia mbele yake Jumamosi, Bibi anabaki.

Kazi ya kukiunganisha nimepewa mimi, maana nilipata tisini na moja katika kompyuta. Mama alitaka tumngoje Mjomba, mdogo wake, ambaye yuko safarini anafunga mitandao ya watu na atarudi Jumamosi. Nikamwambia si kazi ya kumngoja fundi. Ukweli ni kwamba Mjomba husema nina mkono wa kubomoa. Nataka arudi akute kinalia.

Jumanne, 4 Juni

Hakijalia. Tatizo ni Bawabu.

Bawabu ni ruta, mashine ya kugawa intaneti nyumbani, ambayo Mjomba ameiunda mwenyewe kutokana na kompyuta kuukuu. Anakaa juu ya kabati, anakoroma kama paka. Ruta za watu wengine humpokea kila ajuaye neno la siri. Bawabu ana ukuta. Kifaa ambacho namba yake haimo katika daftari lake hakipiti, hata kikipiga hodi mpaka mwaka kesho. Na daftari hilo analifungua Mjomba peke yake.

Programu ya kitufe imeniambia kwamba kifaa hakipatikani. Nilikuwa nimekishika mkononi.

Nikabuni mbinu. Nilikibadilisha jina, nikakiita "Simu ya Mjomba". Bawabu hakubabaika. Baadaye nikasoma kwamba haangalii jina, anaangalia namba. Ni sawa na kuvaa sare ya shule nyingine ukaenda na uso wako uleule. Nashukuru kwa somo hilo. Bibi aliuliza kama kifaa chake kimekufa. Nikasema kinapumzika, kimetoka mbali.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi. Kwenye mlango wa friji Mjomba amebandika karatasi yenye mtandao uitwao "Wageni" na neno lake la siri. Huo ni mlango wa pembeni, hauulizi namba. Na kitufe si mgeni? Kimefika wiki hii tu.

Saa kumi jioni nikakiingiza. Kikawaka kijani. Nikabonyeza. Kimya. Kumbe Bawabu hawaruhusu wageni kuongea na wenyeji. Basi nikatuhamisha sote: simu ya Mama, simu yangu, taa ya koridoni. Nyumba nzima tukawa wageni. Nikabonyeza tena. Simu zikalia, taa ikawaka, Mama akatokea mbio na pini mdomoni.

Bibi amekipenda. Kufikia magharibi alikuwa ametuita mara nne: miwani, chai, miwani tena, na kuhakikisha kwamba bado tunakuja. Mama akamkumbusha kwamba ni cha dharura. Bibi akajibu kuwa kwa umri wake chai ni dharura. Kisha akanishika mkono, akasema mjukuu wangu, sasa nitazeekea kitandani mwangu. Ana miaka themanini na miwili.

Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Nikampelekea Mjomba ujumbe kwamba mambo ni shwari. Friji sikuitaja.

Ijumaa, 7 Juni

Saa kumi jioni intaneti ilikatika, na kwenye simu yangu likatokea tangazo la zana za kilimo. Picha ya jembe, ukurasa mzima, basi. Nikalifunga. Likarudi. Kwa Mama pia, jembe. Akauliza nimeagiza jembe la nini na shamba lenyewe hatuna. Nikamweleza kwamba wafanyabiashara wa mtandaoni hawana haya.

Kisha Bibi akabonyeza. Kimya. Sisi tulikuwa uani, cherehani inanguruma. Nilipoingia kunywa maji nilimkuta ukingoni mwa kitanda, kitufe amekishika kwa mikono miwili. Hakulalamika. Aliniuliza tu sanduku lake dogo liko wapi.

Ningeweza kumpigia Mjomba. Ila ingebidi kukiri. Nimefikiri sana, nikapata mbinu bora zaidi. Kesho nitasimama nyuma ya pazia. Kitufe kikibonyezwa, nitampigia Mama simu ya kawaida. Si uongo. Ni mfano wa jinsi kitakavyofanya kazi kitakapoanza kufanya kazi.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Mkubwa alifika saa nne kamili na mfuko mkubwa mtupu. Nikamwamkia, nikaomba radhi, nikaenda nyuma ya pazia.

Sikutegemea kwamba angetaka kukibonyeza mwenyewe. Alikivua shingoni mwa Bibi, akakiweka mezani akikikagua. Kupitia upenyo niliona mkono wake juu ya kitufe. Nikapiga. Simu ya Mama ikalia. Mama Mkubwa akarudi nyuma, akauliza mbona kinalia hakijaguswa, au kina mashetani. Nikakata. Ndipo akakibonyeza. Kimya. Nikapiga tena, lakini nimechelewa. Mama akaitazama simu yake, akasema polepole kwamba anayepiga ni mwanawe.

Pazia likavutwa. Mama Mkubwa akaniuliza, kumbe mtandao wenyewe ndio wewe?

Nilikiri yote, friji pamoja. Nililia kidogo. Bibi akasema mtoto asisemwe, akaanza kukunja shali yake aitie katika ule mfuko mkubwa.

Hapo Mjomba akaingia, begi begani, vumbi mpaka magotini. Nikamwonyesha jembe. Alicheka mpaka akaketi chini. Kumbe si tangazo, amelichora yeye. Amemfundisha Bawabu methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Saa arobaini na nane zikiisha, mgeni anatolewa nje, anaachiwa picha. Methali hiyo niliielezea katika mtihani nikapata alama zote. Haikunijia kabisa.

Akakiandika kitufe daftarini kwa namba yake, kama mwenyeji, na sisi akaturudisha kwetu. Dakika nne. Akauliza kwa nini sikumpigia. Nikasema sikutaka kumsumbua. Akasema angesumbuka dakika nne.

Mama Mkubwa alikuwa hamwamini mtu tena. Alichukua kitufe, akajifungia stoo peke yake. Simu zikalia. Mama alikimbia na utepe wa kupimia shingoni, Mjomba kiatu kimoja, mimi nyuma yao, na Bibi nyuma yangu kwa mkongojo akiuliza nani kaanguka. Mama Mkubwa alipofungua mlango alitukuta tumejazana chini ya taa ya koridoni. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, basi, mama yetu abaki.

Akakiminya mara moja zaidi, ingawa tulikuwa mbele yake.

Jumapili, 9 Juni

Nashukuru kwa Bibi, ambaye amelala chumbani mwake. Nashukuru kwa Mjomba, aliyeniambia mara tatu kwamba nikikwama niulize kwanza. Nimeyaandika kwa wino mwekundu na kupiga mstari.

Mchana Mama Mkubwa alipiga simu, akaomba kuongea na mimi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwezi uliopita aliteleza jikoni kwake, akakaa chini mpaka adhuhuri. Hajamwambia mtu. Anaishi peke yake na vile viti. Akauliza kama kitufe cha namna ile kinaweza kulia kwa jirani yake wa ukuta mmoja.

Nikamwambia kinaweza. Akauliza kama Mjomba atapata nafasi. Nikamwambia Mjomba ana uchovu wa safari na asimtajie lolote, nitakwenda mwenyewe Jumamosi, saa moja inatosha.

Namshukuru Mungu kwamba mara hii nina uzoefu.