Kadi Yenye Matundu Manne

Kwa furaha isiyo na mipaka, Idara ya Mawasiliano ya Majumbani inautangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayejichagulia mwenyewe kadi ya mtandao, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Kazi hiyo nzito, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeachiwa watu wa kawaida kana kwamba ni kununua vitunguu, itafanywa na Kamati Kuu ya Uteuzi wa Kadi. Mimi ndiye Katibu. Nimeshapewa kiti kinachozunguka.

Zipo sauti za kichochezi zinazouliza: kwa nini? Jibu ni la kitaalamu. Uchunguzi wetu ulibaini kwamba wananchi wengi walikuwa wanajichagulia, na baadhi yao, jambo la kusikitisha sana, walikuwa wanapatia. Sasa mtu akipatia bila Idara, Idara ina kazi gani? Swali hilo lilitunyima usingizi, hasa ule wa baada ya chakula cha mchana.

Mwananchi wetu wa kwanza alikuwa mshonaji mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi. Sebuleni kwake, chini ya meza ya cherehani, kuna kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Hiyo ndiyo seva yake, na kwa seva hiyo anaendesha redio ya mtaa kupitia intaneti. Si redio ya kistaarabu. Inatangaza bomba gani linatoa maji na lipi linatoa upepo. Inatangaza karani gani alitoka kunywa chai hajarudi, na chai yenyewe ilikuwa ya mwaka gani. Mkurugenzi wetu aliwahi kuahidi jukwaani kwamba choo cha soko kitawekewa mlango. Ni ahadi ya zamani, mtu muungwana angekuwa ameshaisahau. Redio ile inaiulizia kila asubuhi.

Basi, waya wa shaba unaoingia kwa Shangazi ulikuwa ukatwe Ijumaa saa sita mchana, mtaa wote uhamie faiba, waya mpya unaopitisha mwanga. Kanuni iko wazi: redio itakayokuwa kimya saa sita inapoteza nafasi yake hewani, na nafasi anapewa anayefuata kwenye foleni. Kwa bahati tu, aliyefuata alikuwa shemeji yake Mkurugenzi, mwenye mpango wa kurusha hotuba za Mkurugenzi mchana na marudio yake usiku.

Jumatatu Shangazi akatuingilia ofisini, mkononi ameshika kidude cha faiba alichopewa na kampuni ya mtandao. Kina ukubwa wa kidole gumba, nacho ndicho kinachopokea mwanga kutoka kwenye waya mpya.

"Wanangu, hiki kinataka kadi yenye tundu lake, ikae ndani ya seva," akasema. "Nimeenda nacho dukani tukakijaribisha kwenye kadi moja moja. Ya kwanza ikakitimua, eti haiongei na kidude cha kampuni nyingine. Ya pili ikakubali lakini inajikokota kama inadaiwa. Kuna moja fupi, tundu moja, imekipokea palepale. Nipeni ruhusa nikafanye kazi."

"Kujaribisha?" Mkurugenzi akashtuka. "Mbele za watu?"

"Ulitaka nikajifiche nacho jikoni?"

Nilimweleza, kwa ule upole wetu wa kiofisi, kwamba kujaribu ni njia isiyo rasmi. Kadi haijaribiwi, kadi huteuliwa. Akaniangalia kama anayenipima suruali, akaondoka.

Tulifika kwake Ijumaa asubuhi, maana siku zote za katikati tulikuwa tunatafuta tarehe. Tulikuwa wanne: Mkurugenzi, ambaye ni Mwenyekiti; Mshauri wa Ufundi, mwenye ujuzi mpana wa mapazia; Afisa Itifaki; na mimi. Shangazi aliendelea kushona. Mezani kwake kulikuwa na pini, chaki, vipande vya vitambaa na kipaza sauti.

"Tundu moja?" Afisa Itifaki akaguna. "Na sisi tuko wanne?"

Hapo ndipo utaalamu ulipojitokeza. Kwa taratibu za Idara, mjumbe hawezi kushiriki uteuzi wa kitu ambacho hakina nafasi yake. Ingekuwa dharau. Mshauri akafungua gunia, akatoa kadi ya matundu manne, ndefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko.

"Ishike, Mheshimiwa. Huo uzito tu, kasi yenyewe hiyo."

"Lakini baba," Shangazi akasema, "hiyo seva yangu haiwezi kuimeza. Ni ndefu kuliko kasha."

"Kasha likatwe," Mshauri akajibu.

"Ndani ya kasha kuna bodi, moyo wa seva."

"Nayo ikatwe. Kwa heshima, lakini ikatwe."

"Shemeji yangu amepelekewa ya aina hiyohiyo," Mkurugenzi akaongeza, "na hajalalamika. Huo ndio uraia."

Likabaki suala zito: tundu la juu ni la nani? Mkurugenzi alisema ni lake, kwa sababu liko juu. Mshauri alisema joto hupanda, kwa hiyo la juu litamuunguza Mheshimiwa, yuko tayari kujitoa mhanga. Afisa Itifaki akamwita mnafiki. Mimi nikaomba la pili kutoka juu, nikaambiwa nina tamaa. Mkurugenzi akapiga meza, pini zikaruka: "Tundu la juu ni langu! Mlango wa choo nimewanyima miaka yote hiyo, nitashindwa kuwanyima tundu?"

Ilikuwa hotuba nzuri. Tulipiga makofi.

Saa sita ikikaribia, Shangazi akauliza, "Kanuni yenu inasema kadi ya Kamati iwekwe nyumbani kwa mwananchi. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikajibu. Tuliandika 'nyumbani' ili tulipwe posho ya kukagua vyumba vyote.

Akaichukua ile kadi, akaiweka kwenye rafu, akapandisha pasi juu yake. Mkurugenzi alitabasamu. Kadi iko rafuni, seva iko chini ya meza; redio itakufa bila mtu kulaumiwa.

Nje, fundi aliyekuwa juu ya nguzo akapiga kelele: "Nakata!" Tukasubiri kimya cha redio.

Hakikuja. Kutoka duka la jirani, redio ikanguruma kwa sauti ya Mkurugenzi mwenyewe: "...nitashindwa kuwanyima tundu?" Ikafuatiwa na makofi yetu, na baada ya hapo kicheko cha mtaa, ambacho hakikuwa kwenye redio.

Niliinama chini ya meza. Ndani ya seva kulikuwa na kadi fupi ya tundu moja, kile kidude kimechomekwa, taa ya kijani inakonyeza.

"Uliiweka lini?"

"Jumatatu nilipotoka kwenu. Mlitaka nife nikisubiri? Na asubuhi yote mko hewani; hayo mliyosikia ni marudio, karibuni sana."

"Umevunja kanuni!"

"Ya kwenu si hiyo hapo nyumbani? Inafaa. Pasi haiunguzi rafu tena."

Simu ya Mkurugenzi ikalia. Alikuwa shemeji, anasikika hadi mlangoni: "Shemeji, kadi haikuingia, nikafanya mlivyoelekeza. Fundi wa mageti amekata kasha na bodi yake. Sasa seva iko vipande viwili. Niwashe kipi?"

Mkurugenzi akajikunyata ukutani, akanong'ona: "Achana nayo. Kimbia dukani, uchukue seva nyingine na kadi fupi, ya tundu moja. Uijaribishe kwanza."

"Mheshimiwa," Afisa Itifaki akauliza, mkweli wa watu, "unajichagulia?"

"Duka gani?" shemeji akapaza sauti. "Shemeji! Duka gani?"

Mkurugenzi alifuta jasho. Dirishani vichwa vilikuwa vimejaa. Akamgeukia mshonaji.

"Samahani, Shangazi. Ile kadi yako... uliipata duka gani?"

Shangazi akakivuta kipaza sauti, akakisogeza mpaka kwenye midomo yake.

"Rudia, baba. Sema polepole, mtaa unaandika."