Taa ya Namba ya Trela Yangu

Jumatatu, 6 Mei
Mkaguzi wa magari kanikatalia trela. Kaizunguka mara mbili, kalipiga teke gurudumu, kisha akauliza kibao cha namba kiko wapi. Nikamwonyesha: kiti cha mbele cha gari, ndani ya gazeti. Hakucheka. Kasema kifungwe nyuma ya trela, kisimame wima, kiwe na taa nyeupe ya kukimulika. Nirudi Ijumaa.

Na Jumamosi mama mkwe anahama. Nimeshaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba kabati lake, lile alilochongewa na marehemu baba mkwe, litapanda trela yangu, si ya mwanyumba. Mwanyumba ndiye aliyeoa mdogo wa mke wangu. Trela yake ya buluu ilipita ukaguzi mwaka jana na hatujala naye mlo hata mmoja bila kukumbushwa.

Fundi umeme wa magari, mwenye karakana hapo kona, kasema nimwachie trela siku moja tu. Nikamwambia asihangaike. Boliti mbili na taa moja, mtu mzima nishindwe?

Jumanne, 7 Mei
Nimekifunga kibao kwenye mlango wa nyuma wa trela. Tundu la kwanza lilipita katikati ya sifuri. Si neno. Sifuri yenyewe ni tundu.

Nikamwita mke wangu aje aone. Kauliza kabati lina urefu gani. Nikasema linaizidi trela kidogo. Basi mlango utalazwa, kasema, na kibao kitasomwa na lami. Nikamwambia mambo ya vyombo vya moto aniachie mimi. Nikasubiri aingie ndani, ndipo nikakifungua.

Sasa kiko kushoto, juu ya taa ya breki. Kimekwenda upande. Ukiinamisha kichwa, kimenyooka.

Jumatano, 8 Mei
Siku ya taa. Nimenunua moja dukani, nikaunganisha nyaya kwa akili yangu mwenyewe. Nikikanyaga breki, inawaka. Nikiwasha indiketa ya kushoto, inakonyeza. Nikiwasha taa za gari, giza.

Mwanyumba akatokea wakati huohuo. Kasimama, mikono nyuma, akitazama namba yangu inavyomkonyeza. Kanishika bega tu. Heri angenitukana. Alipokuwa akiondoka kaniambia kwamba ya kwake ina taa mbili.

Nikajaribu kurekebisha. Taa ikatoa moshi mwembamba, ikafa.

Alhamisi, 9 Mei
Nimewaza usiku kucha. Kibao kimoja, taa mbili. Huo ni ubadhirifu.

Nimekwenda kumsalimia mwanyumba, bisibisi ndani ya soksi. Kauliza mbona nachechemea. Nikasema mguu umelala. Akaingia jikoni kunitengenezea chai, na trela ya buluu iko pale uani, peke yake. Dakika nne. Nyaya nilizikata kwa wembe. Kifuniko cha chuma juu ya taa kakipaka buluu nacho, lakini nani hutazama kifuniko? Nikanywa chai yote, kwa adabu.

Nyumbani, haikuwaka. Nikampigia simu fundi umeme, nikauliza kwa niaba ya rafiki. Kauliza kama huyo rafiki amefunga waya hasi juu ya rangi. Nikachungulia. Kweli, rafiki amefunga juu ya rangi. Basi akwangue mpaka chuma kionekane, kasema fundi, na anyooshe kibao, maana yeye amekiona akipita asubuhi.

Nimekwangua. Imewaka, nyeupe kama maziwa. Nimekaa chini kuitazama hadi mke wangu akaja kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 10 Mei
Mkaguzi kainamisha kichwa. Kapitisha.

Jumamosi, 11 Mei
Mama mkwe alitaka kila sahani ifungwe peke yake, kwa hiyo tumeondoka jua likizama, taa zimewashwa. Mimi mbele, kabati nyuma yangu, mama mkwe ubavuni. Mwanyumba kafuata na vitanda.

Kwenye njia panda askari akanipungia nipite. Mwanyumba akasimamishwa. Mama mkwe akasema tusimame na sisi, tushuke tukaone.

Trela ya buluu ilikuwa giza tupu. Zile nyaya nilizoziacha zikining'inia zimegusana, fyuzi imeungua, taa zote za nyuma zimezimika. Mwanyumba alikuwa amepiga magoti barabarani, akimwomba mama mkwe radhi, akisema aliikagua Jumapili tu. Mtu mzima, jasho linamtoka. Hapo nikajisikia vibaya kidogo.

Mama mkwe akageuka kulitazama kabati lake. Akainama kwenye namba yangu.

"Mkwe, hii buluu ni ya nani?"

Nikasema ni urembo.

Akanitazama. Askari naye akanitazama.

"Kaitoe umrudishie."

Ilinibidi nivue kiatu, maana bisibisi ilikuwa ndani ya soksi.

Mwanyumba akafunga taa yake, akabadilisha fyuzi, akaruhusiwa. Trela yangu ikazuiwa. Kabati likahamia trela ya buluu, upande mzito nimeushika mimi, na mama mkwe akahamia huko huko. Nikamwita fundi umeme. Katumia robo saa, akipiga mluzi. Kibao kakinyoosha bila kuombwa.

Jumapili, 12 Mei
Nimekwenda kuomba radhi. Mama mkwe kanivutia kiti. Kasema marehemu baba mkwe alikuwa hivi hivi, na mbao za kabati lile hajui hadi leo zilitoka wapi. Mwanyumba kacheka mpaka machozi, kanisamehe mbele ya wote. Kasema nikikwama na trela nimwite yeye kwanza. Nimeguswa, sifichi.

Nimerudi nyumbani nikajifungia chumbani kutafakari kosa langu, na nimeliona. Nilichukua taa moja. Ningechukua zote mbili, wangesema ni wezi.